ZAWADI YA MWAKA MMOJA: TUMPE MTOTO NINI?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, nasi wa Chama cha Kiswahili tumeitumia methali hii katika insha hadi imekuwa kama chumvi ya kila mboga. Lakini je, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza moyo huo unatoa nini hasa, na anayepewa ataifanyia nini hiyo zawadi? Leo nataka tulijadili jambo hili kwa kumtazama mpokeaji mdogo ambaye hajui kusema ahsante wala kulalamika. Huyu si mwingine bali ni mtoto anayetimiza mwaka mmoja.

Huenda mwenzangu akacheka na kuuliza, "Kwani sisi ni wazazi?" La hasha, sisi si wazazi. Lakini sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani kila siku, si kama wenzetu wa bweni. Ndio tunaobebeshwa watoto jioni mama akisonga ugali. Ndio tunaotumwa sokoni Jumamosi na kuambiwa, "Ukipita pale, mnunulie mtoto kitu." Kitu gani? Hapo ndipo wengi wetu hununua chochote kinachong'aa, tukasahau kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu.

Kwa nini tusherehekee?

Hapo kale wazee wetu wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa. Mwulize babu alizaliwa lini, atakwambia ni wakati wa nzige au mwaka wa njaa fulani. Sherehe walikuwa nazo, ila hazikufuata kalenda. Kulikuwa na siku ya kumpa mtoto jina, na penginepo siku ya kumnyoa nywele za kwanza. Ndugu zetu Waislamu wana akika, ambayo kwa desturi hufanywa siku ya 7, mtoto akanyolewa na mnyama akachinjwa. Keki na mshumaa vilikuja baadaye, na siku hizi hata katika ploti zetu za Eastlands utasikia watu wakiimba Jumapili alasiri, viti vimeazimwa kwa majirani wote.

Wapo wanaosema huu ni upuuzi wa kuiga. Mimi sikubaliani nao, na nina sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa hapa Kenya mwaka 2003 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 77 walifariki kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 32. Kwa hakika tumepiga hatua kubwa. Lakini hebu hesabu: watoto 32 ni zaidi ya nusu ya darasa letu. Basi mama anayewasha mshumaa mmoja juu ya keki ndogo ana haki ya kupiga vigelegele. Mtoto wake amevuka mto wenye mamba. Jambo la kufaa kuulizwa, kwa maoni yangu, ni kama zawadi tunayomletea itamsaidia kuendelea na safari au itamrudisha mtoni.

Mtoto wa mwaka mmoja ni nani?

Huwezi kumshonea mtu nguo bila kumpima. Vivyo hivyo, huwezi kumchagulia mtoto zawadi bila kumjua.

Kwanza, mtoto wa umri huu kwa kawaida ana uzito unaokaribia mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Anatambaa kama siafu, au anasimama akishika kiti, na wengine wameshaanza kutembea. Msiogope kama wenu bado. Kuna wanaotembea wakiwa na miezi 9 na wengine wakiwa na miezi 15 au zaidi, na wote ni wazima.

Pili, vidole vyake vimepata ufundi mpya. Sasa anaweza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Punje moja ya mchele iliyoanguka chini ya meza, wewe huioni, yeye ameshaiona na kuichukua.

Tatu, akishakiokota anakipeleka mdomoni. Si kwamba ana njaa. Mdomo kwake ni kama maabara yetu ya Bayolojia, ndimo anamochunguzia kila kitu: ni laini au kigumu, ni baridi au ni moto. Ukimpigia kelele leo, kesho atarudia.

Nne, ameanza kuelewa kwamba kitu kikifichwa hakijapotea. Ukificha kijiko chini ya leso, ataivuta leso akitafute. Ndio maana wanapenda sana mchezo wa kujifunika uso na kujifunua. Wanapenda pia kutia vitu ndani ya chombo na kuvitoa, kutia na kutoa, hata mara mia, bila kuchoka.

Tano, jamani, hajui kwamba ni siku yake ya kuzaliwa! Hajui bei ya kitu. Hajui kama kimetoka duka kubwa la mjini au kando ya barabara. Anayejua bei ni sisi watu wazima, na mara nyingi tunanunua ili tuonwe na wenzetu.

Zawadi zinazoweza kuua

Najua kichwa hiki kinatisha, lakini tahadhari kabla ya hatari.

Mwaka jana katika ploti tunayoishi kulikuwa na sherehe kama hizi. Mgeni mmoja alileta dubu wa manyoya, mzuri ajabu, aliyemnunua barabarani akitoka kazini. Kabla keki haijakatwa mtoto alikuwa amekwisha ng'oa jicho la yule dubu, nalo lilikuwa kitufe cha plastiki kilichobandikwa kwa gundi tu. Tulishtukia mtoto hatoi sauti, mdomo u wazi, uso unabadilika rangi. Fundi wa viatu wa pale langoni, ambaye aliwahi kufunzwa huduma ya kwanza, alimnyakua, akamwinamisha na kumpiga mgongoni. Kitufe kilitoka mara ya nne. Mtoto alilia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo kadhaa kutoka kwa yule fundi, kwa muuguzi wa kliniki yetu na katika vitabu. Nayo ni haya:

1. Kipimo cha bomba la karatasi. Tishu ya chooni ikiisha, kinabaki kile kibomba cha karatasi ngumu. Chukua kichezeo, au sehemu yake yoyote inayoweza kung'oka, ukipitishe humo. Kikipita, basi kinaweza kuziba koo la mtoto wa mwaka mmoja. Usikinunue. Vuta pia macho, vifungo na magurudumu kwa nguvu. Yakilegea mkononi mwako yatang'oka mdomoni mwake.

2. Betri bapa ndogo, zile zinazofanana na sarafu. Zimo katika saa, kadi zinazoimba na vichezeo vinavyowaka taa. Mtoto akimeza moja ikakwama katika umio, yaani njia ya chakula, umeme hupita katika unyevu wa mle ndani na kutengeneza kemikali kali inayochoma nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea kwa muda wa saa 2 tu. Huyo si wa kusubiri ajisaidie kesho. Ni wa kukimbizwa hospitalini papo hapo. Kama kichezeo kina betri, hakikisha kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu.

3. Sumaku ndogo. Mtoto akimeza mbili, zinavutana tumboni zikiwa zimebana utumbo katikati na kuutoboa.

4. Maputo, yaani baluni. Ni pambo la sherehe, lakini kipande cha puto lililopasuka kikiingia kooni hunata na kuziba pumzi kabisa. Tundikeni juu asikofikia mtoto, na likipasuka vipande viokotwe vyote.

5. Rangi. Rangi nyingine zina madini ya risasi. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kichezeo ambacho rangi inabanduka ukiikwaruza kwa ukucha, kirudishe ulikokitoa, hata kikiwa cha bei ya kutupa.

6. Kamba ndefu zinazoweza kumzunguka shingoni, pamoja na nyaya zenye ncha.

7. Vyakula vya wageni. Njugu karanga, bisi na peremende ngumu si vya mtoto huyu. Mtu humpa kwa mapenzi tu, huku anampa kitanzi.

Na ikitokea amekabwa? Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye karibu. Kama hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kitu kisipotoka, na mtoto ametimiza mwaka, pita nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia hivyo, huku mwingine akiita msaada. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka habonyezwi tumbo. Yeye hubonyezwa katikati ya kifua. Usitie kidole kooni kubahatisha, utakisukuma ndani zaidi. Kisha apelekwe hospitalini hata kama ametulia.

Zinazopendeza macho bila faida

Kuna zawadi zisizoua lakini pia hazijengi. Ya kwanza ni woka, ile yenye magurudumu ambayo mtoto hutumbukizwa katikati. Wengi wanaamini kwamba inamfundisha kutembea. Si kweli. Mtoto hujifunza kutembea akiwa sakafuni, akianguka na kuinuka. Woka humpa mwendo kabla ya akili, akafika kwenye ngazi au kwenye jiko la makaa kabla hujageuka. Nchi ya Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Sisi ambao jiko na kitanda vimo chumba kimoja tungefaa kuwa wa kwanza kuikataa.

Ya pili ni simu au kioo chochote cha kumtazamisha katuni ili anyamaze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo hata kidogo, bali acheze na kusogeasogea kwa jumla ya dakika 180 au zaidi kwa siku, na alale saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Maneno huyapata kwa mtu anayemjibu, na katuni haimjibu.

Ya tatu ni viatu vigumu vya kung'ara. Ndani ya nyumba, mguu mtupu ndio mwalimu bora wa kutembea. Ukinunua viatu vya nje, viwe vinapindika na vyenye nafasi mbele ya vidole. Na ukinunua nguo, chagua ya umri wa miaka miwili. Mtoto hukua upesi, na nguo ya kumtosha leo itakuwa tambara Krismasi ikifika.

Zawadi zinazofaa, kila mtu na mfuko wake

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Nimezipanga kulingana na mifuko yetu, maana kupanga ni kuchagua.

Mfuko mtupu. Usione haya. Chukua chupa ya plastiki iliyo safi na kavu, tia punje chache za maharagwe, funga kifuniko kwa gundi kali kisha ukizungushie utepe, ukihakikisha hakifunguki kabisa. Hiyo ni kayamba tosha. Chukua mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, uoshe, ukate tundu kwenye kifuniko, umpe na vitu vikubwa vya kutumbukiza. Atatia na kutoa mpaka mama amalize kufua. Shona mpira wa matambara. Zamani tulitengeneza kwa mifuko ya nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017, na isitoshe nailoni inaweza kumfunika mtoto pua. Mimi nilimtengenezea mpwa wangu kitabu: vipande vya kadibodi vilivyoshonwa kwa uzi mnene, kila ukurasa una picha ya mtu wa nyumbani. Sasa akifika ukurasa wa baba yake anaupiga kwa kiganja na kusema, "Ba!"

Mfuko mwembamba, yaani pesa kama ya nauli ya kwenda mjini na kurudi. Nunua vikombe vya plastiki vya ukubwa mbalimbali vinavyoingiana. Atavipanga, atavibomoa, atachotea maji. Au nenda kwa seremala wa mtaani, mwombe masalio ya mbao ayakate vipande vya sentimita 5 kila upande na kuvipiga msasa hadi viteleze. Usivipake rangi. Mwanzoni ataviangusha tu vile unavyovipanga wewe. Baadaye ataweka kimoja juu ya kingine, na siku hiyo mtashangilia kama Harambee Stars wamefunga bao. Vya mitumba pia si vibaya. Kule Gikomba utapata vichezeo imara, ila vipimwe kama nilivyoeleza, vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vianikwe juani.

Mfuko mnene kidogo, au ndugu mkichanga. Hapa fikirini kitu cha kudumu: blanketi, sweta, neti ya mbu iliyotiwa dawa kwa wanaoishi kwenye malaria, au mche wa parachichi uliopandikizwa, ambao huweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Mtoto ataingia chekechea akiwa na mti wake mwenyewe.

Kuku wa nyanya

Kuhusu hili la zawadi ya kudumu, naomba niwasimulie. Mpwa wangu alipotimiza mwaka, nyanya yetu alikuja kutoka mashambani na tembe wa kienyeji ndani ya kikapu. Vijana wa ploti walicheka. Mmoja akasema, "Nyanya, mtoto atacheza na kuku?" Nyanya hakukasirika. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi sikumletea wa kucheza naye. Nimemletea wa kumlisha."

Siku hiyo hiyo mama mmoja wa jirani alikuwa anamalizia deni la sherehe ya mwanawe. Alikuwa amekopa katika chama cha akina mama ili amnunulie mtoto gari la betri la kukalia, kwa sababu mtoto wa shemeji yake alinunuliwa. Mtoto aliogopa mngurumo wa gari, akalia, nalo likawekwa juu ya kabati. Deni lililipwa kwa miezi minne. Katika miezi hiyo kaka yake yule mtoto, kijana wa rika letu, alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa pesa za chakula cha mchana. Simlaumu yule mama, maana alitaka tu mwanawe asionekane mnyonge. Nailaumu desturi hii ya kushindana, ambayo inamfanya mtu amkope mkubwa ili amfurahishe mdogo asiyejua kitu.

Na kuku je? Katika ploti hatukuruhusiwa kufuga, kwa hiyo Nyanya alirudi naye, lakini akamwita kwa jina la mtoto. Ametaga, ameatamia, amekuwa na vifaranga. Kila mwisho wa mwezi mayai huja kwa matatu yakiwa yamefungwa katika majani makavu, na mpwa wangu hula yai akiwa amekaa juu ya meza kama chifu. Majogoo wawili waliuzwa, akanunuliwa sweta.

Tusimsahau mama

Fauka ya hayo, aliyefanya kazi mwaka mzima ni mama. Hajalala usiku mmoja kamili. Zawadi yake inaweza kuwa Jumamosi moja ya kupumzika, wewe ukimtunzia mtoto na kufua nepi. Tena fungua kile kitabu cha kliniki. Mtoto wa Kenya hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6 kuanzia miezi 6 hadi afike miaka 5, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja, na chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huenda kliniki kwa bidii hadi chanjo ya miezi 9, kisha wakaona kwamba kazi imekwisha. Ukimkumbusha dada yako tarehe hiyo, ukamsindikiza na kumbebea mkoba, umetoa zawadi ambayo haiuzwi katika duka lolote.

Maswali matano kabla ya kulipa

Kwa muhtasari, kabla hujatoa pesa mfukoni jiulize: Je, kinapita kwenye bomba la karatasi? Je, kina kitu cha kung'oka, kuchoma au kukaba? Je, mtoto atakifanyia kitu, au atakitazama tu? Je, kitamfaa pia baada ya miezi sita? Na je, ninanunua kwa ajili yake au kwa ajili ya macho ya wageni? Ukiyajibu haya kwa ukweli, hata ukitoka sokoni na kikombe kimoja cha plastiki, umechagua vyema.

Nikitamatisha, nawaomba wenzangu wa shule za kutwa tuwe walimu katika ploti zetu. Wazazi wetu wana mapenzi tele, lakini wengi hutoka kazini usiku na hawapati nafasi ya kusoma mambo haya. Sisi tunayo nafasi hiyo, na Kiswahili tunacho. Jumapili hii ukialikwa mahali, nenda na zawadi yako uliyoipima, na ukiona njugu mkononi mwa mtoto au jicho la dubu linaning'inia, usione haya kulitoa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini sharti kwanza akue.